"Wataniuliza niko wapi": uchambuzi wa kisa cha Cessna iliyopotea juu ya Simanjiro

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Cessna 172 yenye watu wawili ilitua KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, saa tano asubuhi. Ilitakiwa iwe imeshafika Moshi tangu saa nne na nusu. Hakuna aliyeumia wala kilichovunjika, na kwenye kumbukumbu za uwanja ilibaki kuwa ndege ndogo iliyobadili kituo kwa sababu ya mawingu. Lakini rubani wake, kijana niliyemfundisha mwenyewe kuruka, alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho. "Mwalimu," akasema, "nimepotea zaidi ya nusu saa na sikumwambia mtu."

Jioni ile alikuja kwangu Moshi. Tulitandaza ramani mezani, tukachukua penseli na rula, tukairudia safari dakika kwa dakika hadi usiku. Ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu naamini wengi wetu tunaoruka kwa kupenda, siku za mapumziko, bila kampuni wala rubani msaidizi pembeni, tungenyamaza vilevile alivyonyamaza yeye.

Kwenye karatasi njia ni rahisi. Kiwanja cha Manyara, Arusha, KIA na Moshi vimepangana karibu kwenye mstari mmoja wa magharibi kwenda mashariki, kama kilomita 170 mwanzo hadi mwisho. Unaondoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, unapita Makuyuni, unaiacha milima ya Monduli mkono wa kushoto. Siku ikiwa njema unaiona Meru yenye mita 4,566 mapema kabisa, na nyuma yake Kilimanjaro yenye mita 5,895. Kila niliyemsimulia ameniuliza: mtu mwenye alama mbili kubwa namna hiyo anapoteaje?

Anayekaa Arusha mwezi wa saba anajua. Hewa baridi yenye unyevu inasukumwa kutoka kusini-mashariki, inapanda miteremko ya Meru na Kilimanjaro, inapoa, na mawingu ya chini yanatanda kama blanketi. Kuna siku jua halionekani mjini mpaka saa sita mchana. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko futi 4,500 na kidogo juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wingu linaukalia karibu kabisa. KIA iko chini zaidi, kama futi 2,900, na wingu lilelile linaloufunga uwanja wa Arusha linaweza kuiachia KIA nafasi ya kutosha chini yake. Tofauti hiyo ya futi 1,600 ndiyo iliyomtua salama siku ile, ingawa yeye hakuikumbuka hata mara moja akiwa angani.

Aliondoka Manyara saa tatu na nusu, abiria wake akiwa shemeji yake, mdogo wa mke wake. Mafuta yalikuwa ya saa mbili na dakika kumi. Alikuwa na tableti yenye GPS pajani, chaji asilimia 11, na waya wa kuchajia ulikuwa haushiki vizuri kwenye tundu lake. Mpaka uukunje kwa kidole ndipo alama ya chaji iwake. Ndege ilikuwa na VOR inayofanya kazi, yaani chombo kinachopokea ishara ya mtambo wa ardhini na kuonyesha uelekeo wake, redio mbili, na transponda, kifaa kinachoijibu rada kwa namba ya ndege. Ramani ya karatasi ilikuwepo, imekunjwa, kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Nimeuliza mara mbili kama ilikuwa imekunjuliwa sehemu ya njia ile. Haikuwa.

Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa futi 7,500, hewa tulivu, anaongea vizuri na waongoza ndege. Mbele aliona ukuta mweupe kuanzia Monduli kwenda kulia. Akauliza hali ya hewa ya Arusha. Akajibiwa kwamba mawingu yako chini sana na uwanja haufai kwa ndege zinazoruka kwa kutazama nje. Akaulizwa kama ana ombi lolote. Akasema hana.

Hapo nilimsimamisha. Nilimuuliza, dakika ile ulikuwa unajua utafanya nini? Akasema hapana, nilikuwa nataka kwanza nione. Yaani alikuwa juu, anasikika, ana mafuta tele, ameulizwa waziwazi kama anahitaji kitu, na akajibu hana ombi wakati hana mpango. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapoanzia. Yaliyofuata yote yalitokana na jibu lile.

Alikata kulia, mwelekeo wa kama digrii 130, ili azunguke wingu kwa kusini. Uamuzi wa kutoliingia wingu ulikuwa sahihi na nampongeza kwa huo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo pekee, wakazibwa wasione nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Kijana wangu anaikumbuka namba hiyo tangu darasani, na ilimsaidia.

Ila hakuandika saa aliyokata kona. Pajani alikuwa na karatasi yenye muda mmoja tu, 0630, muda wa kuondoka kwa saa za kimataifa ambazo sisi marubani tunalazimika kuzitumia. Tableti ilimwonyesha 09:30. Kichwani mwake, kama Mswahili yeyote, ilikuwa saa tatu na nusu. Nimeona wanafunzi wengi wakiacha kuandika muda kwa sababu hiyo hiyo: kubadilisha saa tatu tofauti huku mikono ina kazi kunachosha. Siku hizi nawaambia waandike dakika peke yake. Dakika ni ileile katika saa zote tatu.

Kama dakika kumi baada ya kona ile tableti ilizimika. Aliukunja waya, ikawaka, ikazima tena. Wakati huo wingu lilikuwa likisogea kulia naye, au ndivyo alivyoona, basi akashuka ili apite chini ya ukingo wake. Futi 6,500. Futi 5,900. Uwanda wa Simanjiro pale ni wa juu, kwa hiyo futi 5,900 kwenye kipimo chake zilikuwa kama futi elfu moja tu kutoka ardhini. Chini yake palikuwa na vichaka, njia za ng'ombe, boma la Wamaasai lenye ua wa miiba, kisha vichaka, njia za ng'ombe na boma jingine linalofanana na la kwanza.

Alikuwa ametegesha VOR ya KIA. Sindano ikayumba, halafu kibendera chekundu kikatokea kwenye kioo, maana yake mtambo hauipati ishara. Akakigonga kioo kwa ukucha. Kibendera kikabaki palepale. Akahitimisha kwamba VOR imeharibika.

VOR haikuwa na kasoro yoyote. Mawimbi yake, sawasawa na ya redio tunayoongelea, husafiri kwa mstari ulionyooka kama macho yanavyoona. Hayapindi mlima wala ukingo wa ardhi. Kwenye ardhi tambarare, ukiwa futi 1,000 juu ya mtambo unaweza kuupata hadi kilomita 70 hivi, ukiwa futi 500 ni kama kilomita 50, na ukifika futi 3,000 unapata kama kilomita 125. Lakini hapa ardhi si tambarare. KIA iko bondeni na Simanjiro iko juu, kwa hiyo aliyeruka chini juu ya uwanda ule ni kama mtoto aliyejificha nyuma ya meza: aliye sakafuni upande wa pili hamwoni. Alishuka ili aone ardhi, na kwa kushuka akajitenga na mtambo uliokuwa unamwambia alipo na watu ambao wangemsikia.

Kulikuwa na kosa jingine dogo lililokuwa likikua polepole. Dira ya jairo, inayoonyesha mwelekeo kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi, huteleza, na inatakiwa ilinganishwe na dira ya sumaku kila baada ya dakika 15 hivi. Hakuigusa tangu Manyara. Alipokuja kulinganisha, baada ya tukio, tofauti ilikuwa digrii 15. Kanuni tunayoitumia ni kwamba digrii moja ya kosa inakutoa kando kilomita moja kwa kila kilomita 60. Piga hesabu ya digrii 15, ongeza upepo wa kusini-mashariki uliokuwa ukimpunguzia mwendo bila yeye kujua, na utaona kwa nini mahali alipodhani yupo na mahali alipokuwa palipishana kilomita karibu 40.

Alipoona korongo la mto lenye miti kijani akasema moyoni, hiyo ni Kikuletwa. Nimemuuliza kwa nini Kikuletwa. Akasema, kwa sababu nilikuwa naitafuta. Kikuletwa ina maji mwaka mzima. Korongo lile lilikuwa mchanga mtupu. Aliuona mchanga, akajieleza kwamba ni kiangazi. Hapa pana jambo ambalo vitabu vya urubani vinalisema na sisi tunalisahau. Unapojua ulipo, unasoma ramani kwanza kisha unaitafuta alama ardhini. Unapokuwa hujui ulipo unafanya kinyume: unaitazama ardhi ilivyo, ndipo unauliza ramani ni wapi panapofanana na hapo. Aliyepotea akianza na ramani ataona anachokitaka.

Alifuata korongo kwa dakika nane. Likaishia kwenye uwanda. Shemeji yake, ambaye hajawahi kusomea chochote cha ndege na hadi hapo alikuwa akipiga picha, ndiye aliyeuliza.

"Shem, mbona umenyamaza? Tumepotea?"

"Hatujapotea. Natafuta mto."

"Si uwaulize wale uliokuwa unaongea nao?"

"Nitawaambia nini? Wataniuliza niko wapi."

Nimelirudia jibu hilo kichwani kwa wiki nyingi. Nilizoea kufikiri kwamba marubani wananyamaza kwa aibu, au kwa kuogopa kuitwa ofisini na kuandikiwa barua. Aibu ilikuwepo, amekiri. Lakini kilichomfunga mdomo kilikuwa kitu kidogo zaidi, na kimetokana na mafunzo yetu wenyewe. Tangu somo la kwanza la redio tunamfundisha mwanafunzi kwamba kila wito una mpangilio: unayemwita, wewe ni nani, uko wapi, uko futi ngapi, unataka nini. Tunamsahihisha akiruka kipengele. Kwa miaka tunamjengea imani kwamba asiyejua alipo hana sentensi kamili, na asiye na sentensi kamili asibonyeze kitufe. Siku anapopotea kweli, anasubiri ajue alipo ndipo aombe kusaidiwa kujua alipo.

Baada ya maneno ya shemeji alibonyeza. Aliita KIA mara mbili, hakujibiwa. Kwa futi elfu moja juu ya uwanda, nyuma ya ukingo ule, asingejibiwa. Akafikiri na redio imekufa. Anasema huo ndio wakati pekee mikono yake ilipotoka jasho, kwa sababu sasa aliamini tableti, VOR na redio vyote vimemwacha, wakati kilichokuwa kimekufa ni tableti peke yake.

Aliyemsikia ni rubani wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, iliyokuwa ikitoka Zanzibar kwenda Arusha, juu sana ya mawingu. Akaipokea sauti ile na kuuliza kwa Kiingereza kama anahitaji msaada. Kijana akaanza kujibu, akakwama. Kiingereza cha redio anakijua, amefaulu mtihani wake, lakini mtihani haufanywi ukiwa umechanganyikiwa. Yule wa Caravan akabadili lugha.

"Kaka, unanisikia vizuri?"

"Nakusikia. Sijui nilipo."

"Sawa. Una mafuta kiasi gani?"

"Saa moja."

"Mengi hayo. Juu yako kuna wingu?"

"Hapana, wingu liko kushoto."

"Basi panda. Panda mpaka futi elfu nane na mia tano, ukae mbali na wingu, halafu waite KIA tena. Mimi nawaambia wakusubiri."

Najua wako watakaosema redio ya ndege si mahali pa Kiswahili. Kwa mazungumzo ya kawaida nakubaliana nao, maana wageni kwenye masafa yaleyale wana haki ya kuelewa kinachoendelea. Lakini rubani huyu alimpa mwenzake aliyepaniki maneno ya kwao kwa nusu dakika, kisha akawaeleza waongoza ndege kwa Kiingereza kilichonyooka. Kwa maoni yangu alifanya kazi yake kwa ustadi mkubwa, na alipanga mambo kwa mpangilio sahihi. Hakuuliza uko wapi. Aliuliza mafuta, kisha mawingu, kisha akampandisha.

Alipokuwa anapita futi 7,000 kibendera chekundu kilitoweka na sindano ya VOR ikasimama. Saa tano kasoro dakika ishirini KIA walimjibu kwa sauti safi. Wakampa namba ya kuweka kwenye transponda, wakamwona kwenye rada, wakamwambia yuko kilomita kama 70 kusini-kusini-magharibi mwa uwanja, aelekee 030. Wakamwambia pia asifikirie Arusha, na kwamba KIA panatua. Dakika ishirini baadaye magurudumu yaligusa lami ya barabara ile ndefu ya mita 3,600 akiwa na mafuta ya dakika 40. Akiba ya chini kwa ndege ndogo inayoruka mchana kwa kutazama nje ni dakika 30. Alikuwa ndani ya sheria kwa dakika kumi.

Neno Pan-Pan hakulitamka hata mara moja. Nilipomuuliza akasema alidhani hali yake haijafikia huko. Wengi wanadhani hivyo, kwa sababu wanalichanganya na Mayday. Mayday, iliyotokana na Kifaransa cha "nisaidieni" na kuanza kutumika miaka ya 1920, ni ya hatari kubwa iliyo mlangoni: moto, injini imezima, unaanguka. Pan-Pan, nayo ina asili ya Kifaransa, ni ya mtu mwenye tatizo linalohitaji haraka lakini bado hajawa kwenye hatari hiyo. Rubani asiyejua alipo, mwenye mafuta ya saa moja na wingu pembeni, ndiye hasa neno hilo limewekwa kwa ajili yake. Ukilitamka mara tatu, wengine wote kwenye masafa wananyamaza na anayekusikiliza anaacha mengine. Usipolitamka, anayekusikia hawezi kukisia.

Gharama ya kutolitamka iko kwenye historia. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilizungushwa muda mrefu angani ikisubiri kutua New York. Wafanyakazi wake waliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha, lakini hawakutangaza dharura kwa maneno yanayotambulika. Waliwekwa kwenye foleni kama wengine. Injini zilizima na ndege ikaanguka Cove Neck, watu 73 kati ya 158 wakafa. Ile ilikuwa ndege kubwa yenye watu watatu mbele.

Jioni ile tuliandika pamoja wito ambao angeuita tableti ilipozimika, kabla hajashuka. Tuliuandika kwa Kiswahili kwanza ili kichwa kiuelewe, kisha tukaugeuza. "Pan-Pan, Pan-Pan, Pan-Pan. KIA, hii ni Cessna 172, rubani anayeruka kwa kutazama nje. Sina uhakika na mahali nilipo. Nilitoka Manyara dakika ya 30 kwenda Moshi. Futi 7,500, mwelekeo 130. Mafuta ya saa moja na nusu, watu wawili. Naomba mwelekeo wa KIA." Uko wapi haimo. Wito umekamilika bila hiyo, na mwongoza ndege ana kila anachohitaji ili aanze kazi.

Kule Uingereza rubani anaruhusiwa kuita kwenye masafa ya dharura ya 121.5 kwa mazoezi tu, akatajiwa alipo, akashukuru na kuendelea na safari. Nikiwaza hilo nasikitika, kwa sababu hapa kwetu mwanafunzi anaweza kupata leseni bila hata siku moja kusema angani kwamba hajui alipo. Anaisoma, anaijibu kwenye karatasi, basi. Tangu kisa hiki sipeleki mwanafunzi peke yake safari ya mbali kabla hajaitamka sentensi hiyo hewani, kwa makubaliano na mnara, siku isiyo na msongamano. Wa kwanza alicheka kabla ya kubonyeza, kisha sauti ikamtetemeka. Ilikuwa mazoezi, tunaiona Mererani chini yetu, na bado ilimtetemeka.

Wiki mbili baadaye mimi na yule kijana tulirudi Simanjiro, mbingu nyeupe ya vumbi lakini bila wingu. Tulilitafuta lile korongo. Tulipolipata nilimwambia ashuke mpaka futi 5,900 kama siku ile na atazame VOR. Kibendera chekundu kilikuwepo. Nikamwambia apande taratibu, futi mia mia, na asiseme chochote mpaka kitoke. Futi 6,400, kipo. Futi 6,700, kikatikisika kikarudi. Futi 6,900 kikazama na sindano ikatulia ikielekeza KIA. Akachukua penseli, akakunjua ramani pajani, na kwenye korongo ambalo siku ile aliliita Kikuletwa akaandika 6,900 na kuizungushia duara.